Injini iwe ya mwisho kununua

Mhariri,

Kama umenizidi umri shikamoo, kama hujanizidi basi poleni na kazi hapo ofisini.

Ile picha mliyochapa ya pikapu la Land Rover 109, lile la chasisi ndefu, lililofungwa injini ya Toyota nimeiona. Boneti liko juu, vijana wamesimama pembeni wanacheka, na maelezo chini yanasema gari limefufuka. Nimefurahi, nisiseme uongo, maana huku Tabora hizo 109 tumekua nazo, zimebeba tumbaku ya Urambo, zimebeba asali ya Sikonge, zimebeba wagonjwa, maiti na maharusi, na leo nyingi zimelala chini ya miembe zinamsubiri mtu wa chuma chakavu aje na mizani yake. Kwahiyo kijana akiinua moja mi nampigia makofi kabisa. Ila nimevaa miwani nikasoma yale maelezo mpaka mwisho na hakuna neno hata moja kuhusu breki, wala giaboksi, wala kadi ya gari. Injini tu. Na tangu siku ile watu wanaojua kwamba na mi nina 109 wananipigia simu kuuliza wanunue injini gani, sasa badala ya kumjibu mmoja mmoja naomba nijibu hapa kwenye gazeti: msinunue kwanza.

Langu ni pikapu, Series III yani toleo la tatu, la petroli, lilitoka mnadani miaka ile yanauzwa mashirika ya umma, likanifanyia kazi ya asali mpaka likachoka, na sasa nimeamua na mpwa wangu tulirudishe. Mpwa ndo fundi, ana gereji kule Ng'ambo, mi ni mwenye gari na mwenye maneno mengi. Yeye kichwani ana injini moja tu, na alikuja nayo asubuhi hata chai sijamaliza.

"Mjomba, kuna 1KZ, dizeli ya Toyota, Kahama imeshushwa juzi, iko kamili."

"Kamili na nini?"

"Na turbo, na pampu, na stata."

"Na kompyuta yake?"

"Kompyuta ipo. Nyaya ndo wamekata wakati wa kuitoa, ila nyaya ni kitu kidogo mjomba."

Nyaya ni kitu kidogo! Hiyo 1KZ-TE pampu yake ya dizeli inaamrishwa na kompyuta, ukikata nyaya umenunua chuma kizuri cha kukalia. Tuseme umepata fundi umeme wa kuziunga, haya, gari likizima kwenye njia za mizinga huko ndani ya miombo utamwita nani akusomee kompyuta? Land Rover 109 tuliipenda kwasababu spana, bisbisi na kipande cha waya vinakurudisha nyumbani. Alafu hiyo injini inajulikana kwa hedi kupasuka ikichemka, na pua ya 109 ilivyo nyembamba ukishaipachikia rejeta isiyo yake na intakula (kile cha kupoza hewa ya turbo) juu yake, kuchemka ni suala la siku tu.

Lakini sitaki ionekane nagombana na 1KZ. Hoja yangu ni kwamba injini yoyote ukiinunua kabla hujajua inaenda kukaa wapi, itakaa gereji chini ya turubai mwaka mzima huku unatafuta pesa ya vile vitu vingine ambavyo hukuvihesabu.

Tuanze chini. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, haishiki kutu, kwahiyo gari linaweza kukaa chini ya mwembe miaka na ukilifuta vumbi linang'aa unasema hili zima. Chasisi ni chuma. Ni chuma cha boksi, ndani kuko wazi, na tope la mbuga likiingia kwenye matundu linakaa humo kuanzia mvua za Novemba mpaka Aprili likikauka na kulowa, kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Tulichofanya na mpwa tuliliosha kwa maji ya presha, tukaliacha likauke, alafu nikachukua nyundo ndogo nikapita nagonga taratibu toka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu alafu vumbi jekundu linamwagika sakafuni, na ukigonga mara ya pili nyundo inazama. Sehemu za kuangalia ni bimu ya nyuma kabisa pale inapofungwa ndoano ya kuvutia, ile mikono inayotoka pembeni kushika bodi, na pale zinaposhikwa springi za nyuma. Na usisahau ule ukuta wa mbele miguuni pa dereva, ule nao ni chuma, watu wanapaka rangi juu ya kutu na kuweka kapeti.

Haya yanaihusu injini kwasababu maunting, yani vishikio, za injini mpya zitachomelewa kwenye hiyo hiyo chasisi, na dizeli inatikisa kuliko petroli, sasa ukichomelea kwenye chuma cha unene wa karatasi unajua mwenyewe. Na kabla ya kuchomelea chochote pima kona kwa kona kwa utepe, toka maunting ya springi ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia, alafu kinyume chake, vipimo vilingane. Gari lililowahi kulala mtaroni likavutwa na trekta chasisi yake inaweza kuwa imepinda na wewe unalisifia tu rangi.

Baada ya hapo ndo jiulize gari litafanya kazi gani. Mi kazi yangu ni asali. Dumu la lita 20 la asali ni zito kuliko dumu la maji, linakwenda kama kilo 28, kwahiyo madumu 30 tu unaongelea kilo 840, na pikapu la 109 ni gari la kubeba tani moja hivi. Kwahiyo sitafuti mbio, natafuta kitu cha kuvuta mzigo taratibu kwenye mchanga na kisinywe sana. Kijana wa mjini anayetaka 109 la kwendea harusini hana mahesabu yangu, yeye afunge anachotaka, ila asimshauri mtu wa asali.

Injini yenyewe iliyomo, ile petroli ya 2.25, ni cc 2286, ilianza 1958, ina nguvu kama za farasi 70. Haina mambo mengi, taiming ni ya cheni, kabureta moja, inawaka hata ukiidharau. Shida yake inakunywa, ikiwa na mzigo kilometa 5 au 6 kwa lita ushukuru. Ndo maana kila mtu anataka dizeli. Sasa dizeli ipi?

Kuna pacha wake, 2.25 ya dizeli, cc ni zile zile 2286. Hiyo inakaa pale pale, maunting zile zile, giaboksi ile ile, hukati kitu. Unabadili stata maana ya dizeli ni kubwa zaidi, unaweka waya za plagi za moto, unavuta bomba la kurudisha mafuta kwenye tenki na kulisafisha tenki lenyewe, unaweka chujio la kutenga maji, basi. Farasi 62. Na mzigo wangu kwenye kilima itapanda kwa gia ya pili, itafika siku hiyo hiyo ila jioni.

Wanaojua Land Rover wanapenda 200Tdi, ile iliyotoka 1989 kwenye Discovery na mwaka uliofuata kwenye Defender, cc 2495, turbo, farasi 111 kwa ile ya Discovery na 107 kwa ya Defender. Sababu ya kuipenda ni kwamba ukoo wake ni ule ule wa 2.25, kwahiyo inaungana na giaboksi ya Series kwa kazi ndogo ya studi na bushi ya mbele ya shafti, huhitaji kukereza pleti. Pampu yake haina kompyuta. Ila hata hapo angalia imetoka gari gani, ya Discovery turbo imekaa chini na itagonga chasisi ya 109, ya Defender imekaa juu inapita. Kitu kimoja hicho tu, jina moja la injini, na kinaweza kukugharimu wiki ya kukata na kuchomelea. 300Tdi iliyokuja 1994 huku kwetu unaikuta kirahisi zaidi lakini maunting zake zimehama mahali pake, inataka kazi zaidi.

Sasa mpwa akasikia farasi 111 akatabasamu, nikamwambia subiri. Ile petroli nguvu yake ya kuvuta ni kama Nm 160, hii ya turbo inapita 250. Giaboksi ya Series III ilitengenezwa kwa ile ya kwanza. Inaweza kubeba, watu wengi wanatembea nayo, ila dereva awe na mguu mwepesi, ukipakia tani alafu ukaachia klachi kwa hasira kwenye mchanga meno yatakuja kwenye oili. Kwahiyo kwenye mpango wetu giaboksi inafunguliwa, bering zote zinabadilishwa, na hiyo pesa inatoka kabla ya pesa ya injini. Mpwa hakupenda. Fundi anapenda kufunga kitu kinachonguruma, giaboksi hainogi picha.

Ukiamua Toyota, kama wale vijana wa kwenye picha yenu, silaumu, sababu ni spea. 3L unaipata ringi, gasketi na belti hapa hapa mjini bila kuagiza mbali, na kwa mtu wa Tabora hiyo ni sababu kubwa kuliko farasi. TD27 ya Nissan na 4JB1 ya Isuzu nazo zina watu wake. Lakini hapo unaingia kwenye pleti, yani kile chuma kinene kinachokaa katikati ya injini ya kabila moja na giaboksi ya kabila lingine, na naomba nikae hapa kidogo maana ndo penye siri ya gari kudumu au kutodumu.

Shafti ya giaboksi inaingia nyuma ya krenki, ile shafti kuu ya injini, kwenye bering ndogo katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Ile shafti lazima iwe katikati ya krenki sawasawa kabisa. Mkerezaji akitoboa matundu ya bolti kwa kukadiria na jicho, pleti ikahama hata nusu milimita tu, gari litawaka, litaingia gia, litatembea, mtapiga picha, na mtaita gazeti. Alafu baada ya muda klachi inaanza kutetemeka, ile bering ndogo inalia ukikanyaga, bering ya mbele ya giaboksi inakufa, unabadilisha, inakufa tena, na fundi anasema spea za siku hizi feki. Si feki, ni pleti. Mkerezaji mzuri anafunga geji ya saa kwenye krenki, anazungusha kwa mkono, mshale unasoma ukingo wa tundu la hausingi mzunguko mzima, akiona mshale unacheza anasogeza, na akishapata anaweka pini mbili za kuongoza ili siku ukifungua ukifunga irudi pale pale. Ukimuuliza mkerezaji wako kuhusu geji na pini akakushangaa, chukua pleti yako uondoke. Na unene wa pleti nao unapimwa kabla, ikiwa nene sana shafti haifiki kwenye bering, ikiwa nyembamba sana inagonga. Mpwa alikata kwanza ya boksi la katoni, akaipachika, tukaona sumpu, lile bakuli la oili chini ya injini, inakaa juu kabisa ya ekseli ya mbele, springi zikibonyea tu inagusa. Katoni imetuonyesha hilo bure.

Breki. Hapa ndo mlinikera, mhariri, kwenye ile picha. 109 ni dramu mbele na nyuma, na nyingi ni zile zenye laini moja tu ya breki kwa magurudumu yote, bomba likivuja gurudumu moja umekosa yote manne. Hizo breki zilikuwa zinasimamisha gari la farasi 70 lisilozidi sana kilometa 80. Leo barabara ya kwenda Nzega ni lami, basi linakuja nyuma na honi, na wewe una injini inayokimbia 110 na breki zile zile. Sasa ongeza hili ambalo wengi hawalijui: busta ya breki, ile inayousaidia mguu kukanyaga, kwenye injini ya petroli inapata upepo wa kunyonya kutoka kwenye manifodi ya injini. Dizeli haina huo upepo. Dizeli inataka pampu yake ya vakyumu, na kwenye 3L hiyo pampu iko nyuma ya oltaneta. Mtu ananunua injini, muuzaji ameshatoa oltaneta kuiuza peke yake, mnunuzi anasema haina neno nina oltaneta yangu ya zamani, anaifunga, taa zinawaka, betri inachaji, kila mtu anafurahi. Pedali ya breki inakuwa ngumu kama ukuta. Na huyo anaenda nalo sokoni siku ya mnada.

Sisi mpango wetu ni masta silinda ya laini mbili, mabomba mapya yote, dramu zikakerezwe au zibadilishwe, na vakyumu ipimwe gari likiwa limesimama: washa, zima, kanyaga mara kadhaa, mikanyago ya mwanzo iwe laini. Hapo ndo litoke getini.

Dif nazo zina maneno. Mpwa anasema tuweke dif za Defender ili litembee, kwasababu Series ni 4.7 na Defender ni 3.54, yani shafti inazunguka mara hizo kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Ukipiga hesabu na tairi za 750-16, kwenye kilometa 80 injini inazunguka kama mara 2800 kwa dakika, kwenye 100 ni kama 3500, kwa dizeli hiyo ni kelele na mafuta. Kwahiyo wazo lake si baya. Ila ekseli ya nyuma ya 109 Series III ni Salisbury, aina nyingine nzito, si ile ya Rover, kile kifurushi cha dif cha Defender ya kawaida hakiingii humo, kitaingia cha mbele tu, na ukiwa na mbele 3.54 na nyuma 4.7 siku unaweka foo wili kwenye tope magurudumu yanabishana mpaka kitu kivunjike. Ama ubadili zote ama uache zote. Sisi tunaziacha, na Salisbury yenyewe ni ngumu, kwa mzigo wa asali siitoi.

Umeme sitaongea sana, angalia tu injini za malori madogo, stata nyingine ni volti 24 na gari lako ni 12. Rejeta usibanebane, kwa joto la Oktoba hapa kwetu chukua kubwa inayoingia, na 200Tdi ukitaka na intakula yake ujue paneli ya mbele itakatwa, mwenye roho ya kutunza gari la zamani lilivyo itamuuma.

Oktoba 2024 walipokusanya Land Rover kutoka mikoa mbalimbali pale Arusha kwenye tamasha mi nilikuwa naangalia picha natamani mtu apite anafungua maboneti, nahisi tungekuta Wajapani wengi sana wamejificha humo. Sijui wangapi kati yao wana kadi inayosema ukweli.

Maana kadi ya gari imeandikwa namba ya chasisi, namba ya injini, ukubwa wa injini kwa cc, na aina ya mafuta. Ukitoa petroli ya 2286 ukaweka dizeli ya 2495, vitatu kati ya hivyo vimekuwa uongo siku hiyo hiyo. Watu wazima wanakumbuka zamani tulikuwa tunalipia leseni ya gari kila mwaka kwa ukubwa wa injini, ile ada ikafutwa 2017 ikaingizwa kwenye mafuta, sasa wanadhani cc hazimhusu mtu tena. Zinahusu. Gari lazima likaguliwe na trafiki na taarifa zikabadilishwe TRA, na watakuuliza hiyo injini umeitoa wapi, kwahiyo risiti na karatasi za forodha za injini zidaiwe kwa muuzaji siku ya kulipa, si baada ya mwaka simu yake haipatikani. Injini isiyo na karatasi hata iwe nzima namna gani mi siitaki, hujui ilitoka kifuani mwa gari la nani. Na bima nayo, hata ile ya lazima ya mtu wa tatu, wanaandika gari kwa kadi, siku ukigonga ng'ombe wa mtu au mtoto wa mtu wakaja kulinganisha namba, utakuwa peke yako.

Kwahiyo tumefika wapi? Tumekubaliana, mpwa kwa shingo upande, kwamba chasisi na breki vinaanza, giaboksi inafuata, na ile petroli ya zamani inafunguliwa na kupimwa kabla ya kuitupa. Silinda zikiwa bado standadi au zimepanuliwa kidogo tu, saizi 20, tunakereza tunaweka pistoni na ringi, ikishafika 40 hakuna pa kwenda zaidi ya slivu, yani kuingiza silinda mpya ndani. Krenki nayo ipimwe. Na kama yako ni ya kuanzia 1980 una bahati, krenki imeshikwa na bering tano badala ya tatu, hiyo usiiuze kwa mtu wa chuma chakavu hata akikupa soda. Ikishindikana kabisa ndo tunatafuta 200Tdi ya Defender kamili na karatasi zake, tukikosa 3L na oltaneta yake nyuma yake. Mpwa ananiambia "mjomba unachelewesha gari." Mi namwambia gari limekaa chini ya mwembe miaka yote hiyo halijalalamika.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkipata picha nyingine ya gari la zamani lililobadilishwa injini, na nina hakika mtaipata maana watu wanapenda, muulizeni mwenyewe breki amefanya nini, nani alikereza pleti, na kadi inasema nini, muandike na majibu yake. Wasomaji wenu wengi huku bara hatununui magari mapya mnayoyaweka ukurasa wa mwisho, tunaishi na haya.

Na la mwisho ni la kwangu binafsi mkiniruhusu. Zamani kulikuwa na ovadraivu ya Fairey, yani gia ya ziada, inafungwa nyuma ya transfa ya Series, ile inashusha mizunguko kwenye kilometa 80 toka 2800 hivi mpaka kama 2200 bila kugusa dif hata moja. Kama kuna msomaji Tabora, Kigoma au popote reli ya kati inapopita anayo imekaa stoo hana kazi nayo, awaandikie ninyi mchape, nitaiona. Iwe mbovu haina neno, tutaifungua. Ila asinitumie na injini.

Msomaji wenu,
Isevya, Tabora